Bata au sungura? Jibu kwa mama wa Newala

Swali nalifupisha ili na wengine wafuate. Mama mmoja wa Newala anasema wifi yake alikuja likizo kutoka Dar na kitabu cha picha cha mazingaombwe kwa ajili ya watoto. Ndani kuna peji yenye mnyama mmoja, binti yake wa miaka sita anasema ni bata na pia ni sungura, mdogo wake wa miaka mitatu anaapa ni bata tu hamna sungura hapo. Peji nyingine ukivuta kikaratasi pembeni nyoka anachomoza kwenye kapu. Bibi yao kakaa kimya, katazama, mwisho kasema huyu mkubwa anaona visivyoonwa na wenzake, kitabu kina mambo ya kichawi, kakipandisha juu ya kabati. Sasa binti mchana anakililia kitabu, usiku anamuogopa nyoka. Mama anauliza kama kweli vitabu vya namna hii vinamharibu mtoto, na aongee vipi na bibi bila kumvunjia heshima.

Dada yangu, naanza na bibi. Mfikishie shikamoo yangu, na usije ukamwambia hajui kitu, maana alichokiona amekiona kweli, watoto wawili, picha moja, mmoja anaona kitu na mwenzake hakioni kabisa. Mtu yeyote makini angejiuliza. Alichokiona kiko sawa, isipokuwa sababu aliyoipa ndio siyo.

Sababu ni umri. Picha ya bata na sungura ni ya zamani, ilitoka mwaka 1892 kwenye gazeti la vichekesho la Ujerumani linaitwa Fliegende Blätter, alafu mwanasaikolojia Joseph Jastrow wa Marekani akaichukua mwaka 1899 akawa anaitumia kuelezea jinsi tunavyoona, na tangu hapo imechorwa na kuchorwa tena mpaka ikaingia kwenye vitabu vya watoto. Kishushe kitabu uitazame taratibu. Mdomo wa bata ndio masikio ya sungura. Jicho ni lilelile moja. Kile kibonyeo kidogo kisogoni kwa bata ndio mdomo wa sungura. Hakuna mstari hata mmoja unaosogea pale, ni ubongo wako ndio unaamua saivi huyu bata, sekunde mbili baadae huyu sungura, na ukaze macho unavyokaza hauwezi kuwaona wote wawili kwa mpigo. Mtafiti Alison Gopnik na wenzake walishajaribu picha za aina hii kwa watoto, wakakuta wa miaka mitatu hata umwambie waziwazi kwamba kuna mnyama mwingine hapo, mara nyingi haoni, anabaki na yule aliyemuona kwanza. Akifika miaka mitano hivi ukimwambia anageuza. Kwahiyo binti yako haoni mambo ya ajabu, amekua tu, na yule mdogo msimlazimishe wala msimcheke, muda wake ukifika atakuja mwenyewe mbio kukwambia mama nimemuona.

Na hata sisi wakubwa tunaona tulichozoea. Huko Zurich, Uswisi, watafiti walisimama kwenye mlango wa bustani ya wanyama wakawaonyesha watu picha hiyohiyo, siku ya Pasaka wengi wakasema sungura kwasababu kule sungura ndio alama ya Pasaka, picha zake zimejaa kila mahali, waliporudi mwezi wa kumi wengi wakasema ndege. Picha haijabadilika hata nukta. Huku kwetu msimu wa korosho mtoto akiona kitu chochote kimepinda kama figo atakwambia korosho, na hakosei, ndio kitu kilichojaa uani kwao na kwenye mazungumzo ya baba yake.

Sasa kuongea na bibi. Mimi nisingeanza na kitabu, ningeanza na mkeka. Muulize kama aliwahi kusuka mkeka wa miyaa ya rangi mbili, ule wenye vidirisha. Ukiukazia macho vile vidirisha vinageuka, mara cheusi ndio kiko juu na cheupe kiko chini yake, mara cheupe kinapanda. Msukaji anajua hilo na anachagua rangi kwa makusudi ili mkeka "ucheze". Na nyinyi mko kwenye uwanda wa Makonde kabisa, kile kinyago cha ujamaa cha mpingo, watu wamepandana kutoka chini mpaka juu, mkizunguke nusu duara, pale ulipodhani ni mgongo wa mzee unakuta ni paja la mama amebeba mtoto. Fundi alikaa na patasi siku nyingi kukifanya kiwe hivyo, na kinyago hicho tunakiweka sebuleni wageni wakione. Peji ya bata na sungura ni ufundi wa jamii hiyohiyo, tofauti ni wino na karatasi.

Alafu lugha yetu wenyewe imeshatenganisha haya mambo kabla ya sisi kuzaliwa. Uchawi ni neno moja, mazingaombwe ni neno lingine, na kiini macho ni lingine tena. Lisikilize hilo la mwisho linavyojisema, kiini, macho. Wazee walioliunda walikuwa wanajua kwamba mchezo unachezwa ndani ya jicho la anayetazama. Bibi akisikia neno hilo kutoka kwako atakuelewa upesi kuliko ukianza kumwambia habari za watafiti wa Zurich.

Na ugomvi wa namna hii una umri mkubwa. Mwaka 1584 Uingereza, mtu anaitwa Reginald Scot alitoa kitabu kinene, The Discoverie of Witchcraft, kwasababu aliona vikongwe maskini wanasingiziwa uchawi na kunyongwa na akashindwa kunyamaza. Humo ndani, pamoja na hoja zake nyingine, akaeleza michezo ya wafanya mazingaombwe mmoja baada ya mwingine, sarafu inapoteaje, kisu kinapitaje mkononi bila kukata, ili msomaji aone kwamba hiyo ni mikono na vifaa tu. Na mmojawapo wa michezo aliyoieleza ni wa kitabu, mtu anapitisha kurasa kwa kidole gumba zinaonyesha kitu kimoja, anapitisha tena zinaonyesha kingine kabisa. Hicho ndio babu wa kitabu cha binti yako.

Hapa nisimame kidogo. Kwenye nchi yetu hii tumezika mabibi waliouawa kwasababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoumizwa na moshi wa kuni miaka hamsini. Kwahiyo mtoto wa miaka sita anapojifunza kwamba kitu asichokielewa kina namna yake, kwamba anaweza kukaa chini akakifungua akaona kinavyofanya kazi, mimi silichukulii kama jambo la michezo. Ndio sababu naandika jibu refu hivi kwa kitabu kimoja cha picha.

Kwahiyo tengenezeni hicho kitabu cha Scot nyumbani, nyinyi watatu, na bibi akiwepo. Chukua karatasi za manila, kata vipande kumi na sita vya ukubwa mmoja, kiganja cha mtu mzima kinatosha, vipange vizuri, upande mmoja vishone kwa sindano au piga stepla. Kabla ya kushona kuna kazi moja: kipande cha kwanza kiache kizima, cha pili kipunguze milimita 3 upande utakaokuwa unafungukia, cha tatu kizima, cha nne punguza, hivyohivyo mpaka mwisho. Tumia rula, mkasi peke yake utakuangusha. Ukishashona fungua kati ya cha kwanza na cha pili, mchore hapo chochote, pande zote mbili. Kati ya cha pili na cha tatu acha nyeupe. Kati ya cha tatu na cha nne chora. Hivyo hivyo.

Sasa shika mgongo wa kitabu kwa mkono wa kushoto, kidole gumba cha kulia kiweke kwenye ncha za karatasi na uziachie moja moja kwa haraka kutoka mbele kwenda nyuma, trrrrr, utaona nyeupe tupu. Mwambie binti apulize. Geuza mwendo, ziachie kutoka nyuma kuja mbele, picha tupu. Kinachotokea ni kwamba karatasi fupi haifiki kwenye kidole, haishikwi na kitu, kwahiyo inaondoka pamoja na ile ndefu jirani yake kama mtoto amebebwa mgongoni, na uwazi ulioko kati yao haufunguki mbele ya macho yako. Ukienda mwendo mwingine jirani anabadilika, basi na kinachoonekana kinabadilika. Nimefanya hii kitu na watoto wengi hapa Mtwara ninapofundisha kuchora, na kila mara naona jambo lilelile: mara ya kwanza wanapiga kelele, nikiwapa wakishike wananyamaza kabisa, wanapitisha kidole kwenye ncha za karatasi taratibu, kwenda na kurudi, alafu mmoja anasema "hizi hazijalingana". Hapo mtoto kaingia ndani ya kitu. Na cha ajabu ni kwamba akishajua siri hamu haiishi, inaongezeka, anatoka mbio kwenda kumfanyia mwenzake.

Tuje kwa nyoka. Kishike kitabu mbele ya dirisha jua likiwa kali uangalie ile peji kwa mwanga wa nyuma. Utaona kivuli cha ukanda wa karatasi umepita katikati ya karatasi mbili zilizogundishwa, mwisho wa ukanda ndio amefungwa nyoka. Fundi aliyeifanya kazi hii mpaka watu wakashika kichwa alikuwa Lothar Meggendorfer wa Munich, Ujerumani, aliyeishi 1847 mpaka 1925, huyu alikuwa anaficha kati ya karatasi vizungushio vidogo vya waya wa shaba, ukivuta ukanda mmoja tu mkono wa mtu unapanda, kichwa kinageuka na mdomo unafunguka vyote kwa pamoja, kila kimoja na upande wake. Nyumbani hauhitaji shaba. Kipande cha boksi, mkasi, uzi wenye fundo mbele na fundo nyuma ndio bawaba yako. Angalizo tu, hivi vitabu vya kuvuta vinachanika haraka mikononi mwa wa miaka mitatu, mkubwa avute, mdogo atazame.

Usiku. Hapa wazazi wengi wanakosea, wanamwambia mtoto "acha ujinga hamna nyoka hapo". Anajua hamna. Mwaka 1991 Paul Harris na wenzake huko Uingereza waliwaambia watoto wa miaka minne na sita wafikirie kwamba ndani ya boksi tupu kuna kiumbe, wengine sungura, wengine zimwi. Watoto walisema vizuri tu kwamba ni la kufikirika na boksi ni tupu. Mtafiti akatoka nje ya chumba, na baadhi yao wakasogea kuchungulia, kwasababu kujua ni kitu kimoja na moyo kutulia ni kitu kingine. Binti yako yuko hapohapo. Kwahiyo usimshawishi kwa maneno, mpe kazi, kila jioni kabla ya kulala yeye mwenyewe ndio amrudishe nyoka kwenye kapu, kwa kidole chake, aone ametoweka, afunge kitabu, akiweke anapotaka yeye. Mkono wake ndio unaomtoa nyoka na ndio unaomrudisha. Wiki moja au mbili inatosha kwa wengi.

Ila tenganisha na nyoka wa kweli. Nyoka wa shamba la mikorosho anabaki wa kuogopwa, haguswi, unarudi nyuma unaita mtu mzima. Mwambie hilo siku nyingine, mkiwa nje, kitabu kiwe mbali, asije akachanganya.

Mtu anaweza kuuliza ikiwa mtoto mdogo anajua kweli picha ni nini. Anajifunza. Mwaka 1998 Judy DeLoache na wenzake waliwaangalia watoto wa miezi tisa, wa Marekani na wa kijiji cha Ivory Coast, wakiwa na vitabu vyenye picha za vitu, na wa kote kuwili walijaribu kuichukua picha, wanaikwangua, wanaifinya, wanataka kuinyanyua kwenye karatasi. Wa Marekani waliofika miezi 19 walikuwa wameshaacha, wananyoosha kidole tu. Wa kwangu alihangaika na embe la kwenye peji mpaka kucha zikaacha alama, na nikafurahi sana, maana ilimaanisha embe nililochora limefanana na embe. Ukiona wa miaka mitatu naye mara mojamoja anajaribu, hana tatizo lolote.

Na kwa sisi tunaochora, kiini macho kikubwa kuliko vyote ni kile kisichosemwa kabisa kwenye kava. Karatasi ni bapa, na mtoto anaona mbali. Nyinyi mna darasa la bure hapo Newala, mpeleke binti pale Shimo la Mungu asimame na wewe, mshike mkono maana ukingo ni ukingo, atazame bonde la kuelekea Ruvuma. Muulize miti ya karibu ina rangi gani na ile ya mbali ina rangi gani. Atakwambia ya mbali ni kama bluu, kama moshi, na midogo kama majani ya mchicha. Mkirudi nyumbani mpe rangi za maji, achore miti mikubwa ya kijani kibichi chini ya karatasi, na midogo ya bluu nyepesi juu. Atakuwa ametengeneza kilomita nyingi ndani ya karatasi moja, na ataanza kuona kwamba kila kitabu alichonacho kinamfanyia hivyo.

Kuna na kiini macho cha kugeuza peji, na hiki ndio napenda kuliko vyote. Nilipotaka kuwachorea watoto wa Lindi yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru huko Lindi, ambaye Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913 na mifupa yake imesimama Berlin mpaka leo ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, nilikwama, maana utamtoshezaje kwenye karatasi ndogo ya kitabu na mtoto aone ni mkubwa? Ukimchora mzima anaonekana mjusi wa ukutani. Nikachora peji ya kwanza mguu tu, na pembeni mtu anafika chini ya goti. Peji ya pili shingo inaanza na inapita nje ya karatasi kwa juu. Ya tatu karatasi imekunjwa, unaifungua kwenda juu, unaifungua tena, na kichwa kiko kule juu kabisa. Nimewaona watoto wanasimama kwenye kiti ili wafungue ile karatasi. Mjusi mzima hakuwahi kuonekana kwa pamoja popote, wamemjenga wenyewe kichwani kati ya peji na peji, na huko kichwani ana ukubwa wake wote.

Kuhusu kuchagua vitabu vingine, mimi nanunua kile ambacho mtoto anaweza kurudi nyuma akagundua imefanyikaje. Kile ambacho mfanya mazingaombwe anawatisha wenzake au anawaadhibu kwa nguvu zake nakiacha dukani, hata kama picha ni nzuri, kwasababu kinamfundisha mtoto kitu kilekile ambacho bibi anakiogopa.

Mwisho kabisa kuna kamchezo kadogo ambako naomba umpe bibi akashike yeye. Kalianza kuuzwa London mwaka 1825 na daktari mmoja, John Ayrton Paris, wao walichora ndege na kizimba, sisi tuchore kuku na tenga. Kata duara kwenye boksi gumu, upana kama mdomo wa kikombe cha chai. Upande mmoja chora kuku katikati. Ligeuze kama unavyogeuza chapati kwa kuivuta ya juu ije chini, alafu chora tenga lililosimama vizuri mbele yako, yaani ukilinganisha na kuku litakuwa limepinduka miguu juu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Toboa tundu kulia na kushoto, pitisha uzi kila tundu, sokota mpaka ujikaze, alafu vuta pande mbili. Duara linazunguka haraka kiasi kwamba kuku hajafutika kichwani na tenga lishafika, na wote watatu, bibi, mkubwa na hata yule mdogo wa miaka mitatu, wataona kuku yuko ndani ya tenga. Hii haina umri, hata yule wa "bata tu" ataiona, na bibi ndiye atakayekuwa amesokota uzi. Kuku akitokea nje ya tenga ujue tundu zako hazijakaa katikati, toboa upya.